Nilimaliza riwaya Machi, hadi leo sijaanza nyingine: uzi wa watunzi tulio katikati

Wakuu, kamwene.

Naandika kutoka Kihesa, Iringa. Ni saa tatu usiku, upepo wa Oktoba unapiga bati na watoto wamelala. Uzi huu ni wa watunzi wa hadithi, ila kama wewe ni msomaji tu, karibu pia, maana wasomaji ndio mnaotuuliza swali lililonifanya nikae niandike haya: "Sasa hivi unaandika nini?"

Siandiki riwaya yoyote. Ya pili niliimaliza tarehe 9 Machi mwaka huu, na huu ni mwezi wa saba tangu hapo. Siumwi, sijakwama, na utunzi sijauacha. Niko katikati. Nataka nieleze huku katikati kukoje, kwa sababu mara ya kwanza nilipofika hapa nilipakimbia, na mbio zile zilinila miaka miwili.

Nianze na siku yenyewe ya kumaliza. Nilipeleka flashi steshenari moja pale Miyomboni. Kurasa 312, kila ukurasa shilingi 100, jumla 31,200, na kubana shilingi 3,000. Kijana wa steshenari alikuwa anahudumia watu wa vyeti na barua za kazi, kwa hiyo mashine yangu aliiacha ijiendee yenyewe. Nilisimama pembeni nikiangalia karatasi zinavyotoka moja moja, zingine zimejikunja kona kwa joto. Nikazipokea zikiwa bado za moto kama chapati. Nikalipa, nikapanda bajaji, mswada nimeupakata. Dereva akaniuliza, "Dada, ni kesi?" Nikamwambia hapana, ni hadithi. Hakuuliza tena.

Nilitegemea furaha. Furaha ilikuwepo, ikakaa mpaka kesho yake mchana hivi.

Kilichokuja baada ya hapo naweza kukifananisha na nyumba iliyotoka kuaga wageni wa msiba. Mhusika wangu mkuu ni mama anayeuza genge. Kwa miaka mitatu nilikuwa naamka saa kumi na nusu alfajiri, kabla ya kwenda shuleni kufundisha, nakaa naye mezani. Nilishamjua mpaka anavyofunga kanga na anavyohesabu chenji kwa kulowesha kidole. Hata vitunguu nilikuwa nimeanza kuvikata kama anavyokata yeye, kwa kuanzia kwenye mzizi. Mswada umeisha, lakini kengele ya simu iko palepale. Saa kumi na nusu inalia, naamka, nawasha taa, nakaa. Meza ipo, daftari lipo, chai ipo, na yeye hayupo. Nilikaa hivyo karibu wiki sita. Aprili mwishoni ndipo nikaifuta ile kengele, na siku niliyoifuta nililia.

Nawaambia haya kwa sababu nadhani wengi tunalichukua pengo hili kuwa uvivu, na tunalijaza haraka. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Riwaya ya kwanza niliimaliza mwaka 2017. Msimulizi wake alikuwa mzee mstaafu, karani wa posta. Ilichapwa nakala chache, watu wa hapa mjini wakaisoma, wakanisifu, na wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza nyingine ndani ya siku kumi. Safari hii msimulizi ni binti, konda wa basi dogo. Niliandika kurasa 140 nikiwa na raha kabisa, kalamu inateleza. Nikampa binti wa dada yangu asome, wakati huo yuko kidato cha nne. Alirudi siku ya tatu akaniambia kwa upole, "Mama mdogo, huyu si yule mzee wa posta? Amevaa sketi tu."

Nilikasirika. Halafu nikakaa nikasoma kwa jicho lake. Kwenye ukurasa wa kwanza peke yake kulikuwa na sentensi saba zinazoanza na "Nakumbuka". Konda wangu alikuwa anasema "aidha" na "hali kadhalika". Abiria akikataa kulipa nauli, binti wa miaka ishirini na mbili anasema "kwa mujibu wa utaratibu". Nilijaribu kurekebisha. Nikafuta zile "aidha" zote, lakini mzee hakutoka, maana hakukaa kwenye maneno tu. Alikaa kwenye mwendo wa sentensi, pale nilipovuta pumzi, kwenye vitu alivyoviona kwanza akiingia chumbani. Niliendelea kushindana naye hadi mwaka 2019, nikaachana na kurasa zote 140.

Hili ndilo jambo ninalotaka kulisema kwenye uzi huu wote. Ukikaa na msimulizi mmoja miaka mitatu, unakuwa umelifundisha sikio lako kukataa maneno ambayo yeye asingeyasema. Kila siku unakataa, kila siku unachagua kwa niaba yake. Ukiandika neno la mwisho, sikio halijui kwamba kazi imeisha, linaendelea kuchagua kwa ajili yake. Kwa hiyo chochote utakachoandika mwezi ule kitakuwa chake, hata ukimpa jina lingine, jinsia nyingine na mji mwingine. Na utaandika kwa wepesi, utadhani ni baraka.

*

Mdau wa Tukuyu ameuliza: "Mkuu, mimi naandika hadithi za WhatsApp, wasomaji wanalipia ndio nawaunga kwenye kundi. Nikikaa kimya wiki mbili wanaondoka. Huo muda wa kukaa katikati mimi nautoa wapi?"

Kaka, swali lako ni la haki, na nikiri kwamba mimi nina mshahara wa ualimu. Mwenye mshahara na anayekula kwa kalamu hatuvuki mto mmoja. Ila nimewahi kuwa msomaji wa makundi hayo na nimeona kinachowamaliza watunzi wazuri kabisa: msimu wa pili. Hadithi imeisha vizuri, wasomaji wanalia wanataka iendelee, mtunzi anamfufua aliyekufa. Msimu wa tatu unamfufua na aliyemuua. Mimi ningekushauri hadithi iliyoisha uiache ikae. Wape wasomaji kitu kidogo kisichokuwa na undugu na ile: kisa kimoja kila Jumamosi, kinachoanza na kuisha siku hiyohiyo. Kisa kifupi hakimpi msimulizi wa zamani nafasi ya kukaa na kunyoosha miguu. Na waambie ukweli, kwamba kubwa inakuja mwezi fulani. Msomaji aliyekulipa mara mbili anastahili kuambiwa tarehe. Na kwa pesa, kabla hujaanza hadithi kubwa inayofuata, weka pembeni kidogo kutoka kila malipo, kama mkulima anavyotenga mbegu kabla hajauza. Najua ni rahisi kusema. Ni vigumu, lakini sijaona njia nyingine kwa anayeishi hivyo.

*

Naendelea na mwezi ule wa Machi.

Wiki mbili baada ya kumaliza nilienda Mufindi kwa mjomba, kaka yake mama. Ulikuwa wakati wa ulanzi. Kwa mlio mbali na Nyanda za Juu Kusini: ulanzi ni kinywaji kinachogemwa kwenye mianzi michanga, masika, pale machipukizi yanapokuwa yanapanda. Mjomba anakata ncha ya chipukizi likiwa bado laini, anafunga mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, kisha kila asubuhi na kila jioni anarudi kuparuza pale alipokata, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, ili pasizibe. Nilimshikia mbeta wakati anaparuza. Kisu chake kimekonda kwa kunolewa mpaka kimekuwa kama jani. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, watoto wanakunywa. Ukilala unakuwa mkangafu, yaani umechacha, na huo ni wa wakubwa.

Kwenye shina moja niliona machipukizi manne yamefungwa mbeta, na matatu mazuri zaidi yameachwa. Nikamuuliza kwa nini hajayagema yale, maana ndiyo yaliyonona. Akasema, "Hayo ni ya kukua. Ukishaligema chipukizi haliwi mwanzi tena. Ukigema yote, miaka ijayo utagema nini?" Akasogea kwenye shina lingine. Nilibaki pale nimeshika mbeta, nafikiria kurasa zangu 140.

*

Mdau wa Njombe: "Sasa dada, ina maana kipindi chote hicho huandiki hata mstari? Mkono si utaganda?"

Naandika kila siku, mdogo wangu. Nisichoandika ni hadithi. Nina daftari la kaunta kwaya mbili ambalo ni la masikio tu. Sharti langu ni moja: naandika alichosema mtu, kwa maneno yake, bila kuongeza, na sisemi yeye ni nani wala amevaa nini. Nikishaanza kueleza alivyovaa, najua mama wa genge amerudi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaangalia nguo za watu.

Mashineni, hapa Kihesa, mama mmoja alimwambia msagishaji: "Usinisagie haraka, leo nina siku nzima." Nimeandika hivyohivyo. Sijui kwa nini mtu awe na siku nzima. Kwenye Coaster kutoka Mafinga, tunapita katikati ya ile misitu ya misonobari ya Sao Hill, mzee aliyekaa dirishani akasema bila kumwangalia mtu: "Hii miti nimeipanda mimi. Ina umri wa mwanangu wa mwisho. Yeye yuko Dar, miti iko hapa." Tulipofika kibao cha njia panda akashuka. Hayo maneno nimeyasoma labda mara hamsini. Sijayageuza kuwa hadithi na sitaki kuyageuza. Nayasoma kwa sababu sauti ya yule mzee si ya mama wa genge, na kila ninapoisikia, sikio langu linalegea kidogo.

Mengine ninayoyafanya sikuyapanga. Nimesoma mashairi zaidi ya riwaya, kwa sauti, wakati wa kupika. Nimejifunza kushona vifungo vizuri. Nimesahihisha madaftari ya wanafunzi kwa wakati, jambo ambalo halijatokea tangu 2021.

*

Kuna hatari ya pili sikuigusa, nayo ni kurudi kwenye mswada kuuchokonoa.

Julai, shule zikiwa bado zimefungwa, nilikwenda kwa mama kuvuna mahindi. Mnaoijua Mufindi ya Julai mnajua ukungu ule, saa nne asubuhi bado huoni mwisho wa shamba, na vidole vinakataa kukunja. Jioni tukawa tunapukuchua jikoni, karibu na moto. Mama yangu hasomi. Riwaya zangu anazijua kwa sababu namsimulia nikiwa naziandika, kidogo kidogo, kila nikienda. Kwa hiyo akaniuliza kama mtu anavyoulizia jirani aliyehama: "Yule mama wa genge amefikia wapi?"

Nikamsimulia mwisho. Mwisho wangu ni kwamba anabaki mjini, anafungua genge jipya upande wa pili wa barabara. Mama akanyamaza. Akapukuchua gunzi lote mpaka likabaki jeupe, akalitupa motoni, akasema: "Angerudi kwao."

Sikulala usiku ule. Nilisikia kabisa mlango wa sura ya mwisho unafunguka. Nilijua hata basi atakalopanda. Mswada wakati huo ulikuwa umeshafika kwa mchapishaji, na kwenye simu yangu ninayo nakala. Niliifungua saa nane usiku, nikaishika hivi hivi mwanga umenipiga usoni, nikaifunga.

Asubuhi nilimwambia mama kwamba nimemwacha mjini. Akasema, "Basi wewe ndiye unayemjua, mwanangu." Tukaenda shambani.

Nimefikiria sana kwa nini sikubadilisha, na sababu yangu ni hii. Mwisho wa mama ulikuwa mzuri, tena labda ni mzuri kuliko wangu, lakini ulikuwa wa mama. Ulitoka kwa mwanamke aliyebaki kijijini na kuona watoto wake wote wanaondoka. Hiyo ni hadithi nyingine na ina msimulizi mwingine. Ningeuchomeka kwenye mswada, ningeharibu viwili kwa mpigo. Mhariri akiniambia badilisha, nitakaa naye tujadili. Usiku wa manane kwa baridi ya Julai si wakati wa kuamua hayo.

*

Mdau wa Mbeya, Uyole: "Muda gani ni mwingi mno? Mimi nina mwaka wa tatu sijaanza kitu, naanza kuamini nilikuwa na riwaya moja tu tumboni."

Kaka, sina kipimo. Ila nitakukumbusha mtu mmoja tunayemsoma sote. Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya nne kati ya 1971 na 1979, ya nne ikiwa Gamba la Nyoka. Riwaya yake iliyofuata, Nagona, ilitoka 1990. Hapo katikati alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, akasoma udaktari wa falsafa akimaliza 1985, na mwaka 1988 akatoa mashairi, Karibu Ndani. Ukisoma Gamba la Nyoka, kuna kijiji, kuna watu wana majina na mashamba, kuna siasa ya ujamaa unayoweza kuigusa. Ukifungua Nagona unaingia sehemu isiyo na ramani kabisa. Mtu aliyeandika ile ya kwanza asingeweza kuandika hii bila ile miaka kupita. Sisemi sote tuna Nagona ndani yetu. Nasema miaka yake ile haikuwa mitupu, alikuwa anasoma, anafikiri na anatunga mashairi.

Kwa hiyo mimi nisingeuliza imepita miaka mingapi. Ningekuuliza, je, unasoma? Unasikiliza? Ukiandika sentensi moja leo, anaongea nani? Kama ni yuleyule wa riwaya ya kwanza, bado. Kama hausikii mtu yeyote na hata kusoma hakukupi hamu tena, hilo ni jambo jingine, linaweza kuwa uchovu au huzuni, na hapo ongea na mtu wa karibu, usikae nalo peke yako.

*

Wawili wameniuliza inbox kuhusu kulinda mswada wakati unasubiri. Kwa kifupi: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, hata kabla hujaisajili, na ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia kwenye ushahidi pakitokea ugomvi. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Na wakati huu wa katikati ndio wa kufuatilia matangazo ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, maana ukiwa ndani ya hadithi mpya hutakumbuka tarehe. Mswada wangu wa kwanza ulikaa miezi 14 kwa mchapishaji mmoja bila jibu hata la "tumepokea". Siku hizi naandika tarehe ya kutuma ukutani, na kila baada ya miezi mitatu naulizia kwa adabu. Hilo nalo ni la kipindi hiki.

*

Nyongeza, siku tisa baadaye.

Wakuu, samahani kwa ukimya, tulikuwa na mitihani. Nilitaka kuufunga uzi, lakini kuna kitu kimetokea juzi.

Nilikuwa nafua. Mikono ipo kwenye povu, kichwani sina lolote, nikasikia mtu anasema: "Mimi sina ugomvi na mtu, ila ule mlango wa jikoni msiufungue."

Nilikimbia ndani na mikono inachuruzika, nikaandika nyuma ya risiti ya luku, maana daftari lilikuwa mbali. Nikapekua daftari la masikio kutafuta nimeisikia wapi. Haimo. Nikajaribu kuandika sentensi ya pili na haikuja, nikaacha, nikarudi kufua.

Jioni nikampigia binti wa dada yangu. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi Makambako. Nikamsomea huo mstari mmoja, sikumwambia umetoka wapi. Akaomba nirudie. Nikarudia.

"Mama mdogo," akasema, "huyu simjui."

Nikamwambia mimi pia simjui. Akaniuliza huo mlango una nini. Nikamwambia bado.

Jana usiku nimeirudisha kengele ya saa kumi na nusu.